Wandani wa wagonjwa: mwongozo wa kuanzisha ziara za majumbani chini ya hospisi, Lamu

Mtu akiugua Lamu, siku za mwanzo hakosi watu. Majirani wa Mkomani na Langoni huingia na kutoka, jamaa huvuka kutoka Mokowe, viatu hujaa dakani, kibarazani pa mlango. Kumzuru mgonjwa ni ada na ni ibada, na hakuna hospisi, yaani kituo cha kuwahudumia wenye ugonjwa mzito, yenye haja ya kumfundisha mtu wa Lamu jambo hilo. Shida huja baadaye, ugonjwa unapopita mwezi wa pili. Saratani haijapona wala haijammaliza, au kiharusi kimeacha mkono na mguu havina kazi, na wageni hupungua mmoja mmoja, kila mtu na shughuli zake. Nyumbani hubaki mgonjwa na mtu mmoja anayemuuguza, mara nyingi binti au mke, ambaye hajapata usingizi wa kutosha kwa muda mrefu.

Mpango huu ni wa kipindi hicho. Mwandani ni mtu wa kujitolea, aliyefundishwa na anayesimamiwa na hospisi au kitengo cha tiba shufaa (tiba ya kupunguza maumivu na dhiki) cha hospitali, anayekwenda kwa mgonjwa mmoja, siku ile ile ya wiki, kwa muda wa saa moja, kwa miezi. Hatoi dawa, haoshi kidonda, hapiki. Anakaa naye, wanazungumza au wananyamaza pamoja, na inapofaa anampa mwuguzaji wa nyumbani nafasi ya kutoka. Ukiupanga mpango huu, kila unapokwama jiulize kama uamuzi wako utamsaidia mwandani kufika siku aliyoahidi. Mgonjwa aliyeahidiwa Jumanne huanza kuingoja tangu Jumatatu jioni, na mgeni asipofika bila salamu, ni heri asingeahidiwa kabisa.

Hesabu ya mwanzo

Chukua daftari la wagonjwa la miezi 6 iliyopita. Kaa na muuguzi anayekwenda majumbani, mpitie jina kwa jina, na kila jina mliulizie mambo matatu. Anauguzwa na mtu mmoja au zaidi? Hupata mtu wa kuzungumza naye asiye wa nyumbani, walau mara moja kwa wiki? Na yeye mwenyewe angependa mgeni? Swali la tatu lazima aulizwe mgonjwa, si mwanawe. Wapo wanaotaka utulivu, na hao waachwe na utulivu wao.

Wanaofaa wakiwa chini ya watano, mpango mzima hauna haja. Muuguzi na msikiti au kanisa la karibu watayamaliza. Wakifika ishirini, bado anza na sita hadi wanane, wote katika mitaa miwili inayopakana. Mratibu mpya mwenye wagonjwa waliotawanyika Shela, Hindi na Siyu hatajua ni ziara ipi imekosekana mpaka mwisho wa mwezi, na hapo maji yatakuwa yamekwisha kumwagika.

Kwa wagonjwa sita, fundisha watu kumi. Tarajia wawili wajitoe kabla ya ziara ya kwanza, mmoja apate safari au kazi, na mmoja awe wa akiba.

Mratibu anahitaji saa 15 hadi 20 kwa wiki, na alipwe. Hii ndiyo nafasi ambayo watu hutaka kubana fedha, na ndiyo inayoangusha mipango ya namna hii. Kazi hii usimtwike muuguzi. Siku ambayo mgonjwa mmoja ana maumivu makali na mwandani mmoja anataka ushauri, muuguzi ataenda kwenye maumivu, na atakuwa amefanya sawa. Nunua simu ya mpango yenye laini yake, isiwe namba binafsi ya mratibu, na teua mtu wa pili wa kuipokea usiku na siku za mapumziko.

Bajeti si ngumu. Wandani sita wenye wagonjwa kwa ziara nne ni ziara 24 kwa mwezi. Zidisha kwa nauli ya kwenda na kurudi ya kila njia, ongeza asilimia 15 kwa safari za boti zinazokwama, kisha weka muda wa maongezi, daftari, sabuni, chai ya mafunzo na ya mkutano wa kila mwezi, na mshahara wa mratibu. Nauli irudishwe kwa M-Pesa wiki ile ile. Anayesubiri nauli yake mwezi mzima huacha kwenda kabla ya kulalamika. Posho usianzishe. Ukiianza utapata watu wa posho, na siku mfadhili akiondoka wataondoka naye.

Wenyewe wa mtaa

Mpeni habari chifu na naibu wake, wazee wa mtaa, maimamu wa misikiti ya jirani, na viongozi wa vikundi vya akina mama. Mkienda upande wa Mpeketoni au Hindi, nendeni pia kwa wachungaji na mapadri. Msiende kuomba orodha ya majina ya wagonjwa. Nendeni kueleza mtakalofanya na msilofanya, na kuomba kila mmoja awaelekeze kwa watu wawili au watatu anaowajua kuwa na subira na kutunza siri.

Imamu atauliza kwa nini hospisi inapanga kitu ambacho dini tayari inakihimiza. Swali hilo ni la haki. Mwambieni ukweli: ziara za mtaa ni nyingi mwanzoni na hazina zamu, nanyi mnaleta zamu, mafunzo, na muuguzi wa kupigiwa simu. Wala mwandani hatachukua nafasi ya jirani. Mgonjwa akishapata mwandani, wako watakaosema "hospisi inamshughulikia" na kuacha kuja. Waambieni wazee mapema kwamba hilo likitokea mpango utakuwa umemuongezea mgonjwa upweke.

Wahudumu wa afya ya jamii ni wenzenu wa karibu, ila msiwachukue kuwa wandani. Kila mmoja ana takriban kaya mia moja za kuzungukia. Waombeni wawe macho yenu: wao ndio watakaowajulisha kuwa nyumba fulani kuna mtu aliyelala muda mrefu.

Neno moja kuhusu fulana. Wafadhili hupenda fulana zenye jina la hospisi. Msizishone. Katika vichochoro vya Lamu mtu akionekana anaingia nyumba fulani na fulana ya hospisi, kabla ya adhuhuri mtaa mzima unajua, na wengi bado wanaamini hospisi ni mlango wa kaburi. Kitambulisho cha kadi kinachokaa mfukoni kinatosha.

Kuwachagua

Tafuta watu wa miaka 21 na kuendelea, wanaoweza kutoa saa mbili kwa wiki, safari ikiwemo, kwa angalau miezi 6. Walimu waliostaafu, mafundi wanaojipangia saa zao, akina mama ambao watoto wao wamekua. Kijana anayengoja kazi ni mzuri wa moyo, ila kazi ikipatikana Mombasa ataondoka, na mgonjwa atafiwa na urafiki kabla ya wakati. Mchukue, umweke kwenye akiba.

Mahojiano yawe ya nusu saa, ana kwa ana. Uliza: ukikaa na mtu asiyesema neno kwa dakika kumi, unafanya nini? Anayejibu kwamba atamchangamsha mpaka acheke anahitaji kazi zaidi kuliko anayesema atanyamaza naye. Uliza pia kama amefiwa. Aliyefiwa na mtu wa karibu ndani ya mwaka mmoja aombwe kungoja. Anaweza kusaidia kwenye chai, simu na daftari kwa sasa. Taka wadhamini wawili wasio jamaa zake, nawe uwapigie kweli, na umtake alete cheti cha maadili mema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Maombi hufanywa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na alama za vidole huchukuliwa, kwa hiyo waambie waanze mapema ili mafunzo yasimalizike cheti hakijatoka. Gharama yake ibebwe na hospisi.

Anayetaka kujitolea ili awaongoe wagonjwa kwenye dini au dhehebu lake, mshukuru, usimchukue.

Mafunzo ya saa 16

Huko Kerala, India, ambako huduma ya namna hii ilikua kutokana na kliniki iliyoanzishwa Kozhikode mwaka 1993 na baadaye ikaenea mitaani, watu wa kujitolea walifundishwa saa 16 za darasani kabla ya kwenda kujifunza kwa vitendo. Kiasi hicho kinafaa hapa pia. Gawanya siku nne za saa nne, Jumamosi nne mfululizo, kuanzia saa tatu asubuhi ili adhuhuri iwakute mnamaliza. KEHPCA, chama kinachounganisha hospisi za Kenya, ni mahali pa kuulizia wakufunzi.

Siku ya kwanza ni ya kueleza tiba shufaa: kumpunguzia mgonjwa maumivu na dhiki, pamoja na jamaa zake, tangu ugonjwa mzito unapojulikana, si siku za mwisho tu. Hapa ndipo pa kuondoa hofu. Saratani haiambukizi. VVU haviambukizi kwa kula sahani moja wala kushikana mikono. Mofini ya maji inayotolewa kwa kipimo cha daktari haimuui mgonjwa. Hufunga choo, na siku za mwanzo humtia usingizi. Mwandani hagusi chupa hiyo, lakini akiwa na imani kuwa ni sumu, atalisema siku moja kwa nia njema, na mgonjwa ataacha dawa na kulala na maumivu.

Siku ya pili yote ni ya kusikiliza, na yote ni ya vitendo. Wakae wawili wawili, mmoja awe mgonjwa. Dakika tano bila kutoa ushauri. Dakika tano bila kusema "mimi pia" wala "fulani alikuwa na ugonjwa huo huo akapona." Watu wengi hushindwa mara ya kwanza, kwa sababu tumelelewa kumpa mgonjwa maneno ya kumtia nguvu. Waache warudie mpaka wakizoee kimya.

Siku ya tatu ni usalama. Kunawa mikono kwa sabuni sekunde 40 hadi 60, unapofika na unapotoka. Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, cha mgonjwa au cha mtu yeyote nyumbani, kinasimamisha ziara mpaka muuguzi ahakikishe si kifua kikuu. Na mwandani mwenye mafua abaki kwake. Kisha dalili za kupiga simu papo hapo: maumivu yasiyotulia baada ya dawa, damu nyingi, miguu iliyokufa ganzi au kuishiwa nguvu ghafla, degedege, kuchanganyikiwa kusikokuwako jana, kushindwa kupumua, kutopata mkojo. Waandikiwe nyuma ya kadi, pamoja na namba ya simu ya mpango.

Siku ya nne ni mipaka, huzuni na mauti. Mlete muuguzi, mlete shekhe, na kama kuna wandani Wakristo mlete na mchungaji, wajibu maswali ambayo mratibu hana haki ya kuyajibu.

Masharti ya ukurasa mmoja

Yaandike kwa Kiswahili chepesi, yasomwe kwa sauti, yatiwe saini. Kila sharti liambatane na sababu yake, maana sharti lisilo na sababu huvunjwa kwa huruma.

Mwandani hatoi dawa yoyote, hata panadoli, hata ya miti shamba, hata kombe la aya za Quran, kwa sababu hajui inagongana na nini. Hamwinui wala hamgeuzi mgonjwa, kwa kuwa mfupa ulioliwa na saratani huvunjika kwa kidogo. Hakopi, hakopeshi, hatumii pesa kwa niaba ya mgonjwa. Haandiki wosia wala hawi shahidi wake; nyumba na mashamba yakigombaniwa mbele ya kadhi, jina lake lisiwemo. Hapigi picha. Hatoi namba yake binafsi. Atafutwe kwa simu ya mpango. Haachwi peke yake na watoto wadogo wa nyumba hiyo. Chai na mahamri apokee, maana kukataa ni kumvunjia mwenye nyumba heshima, lakini kanga, pesa au pete arudishe kwa upole, na amwambie mratibu siku hiyo hiyo.

Ombi la pesa litakuja. Nyumba yenye mgonjwa wa muda mrefu huwa imeuza, imekopa, imechanga. Mwandani asiachwe abebe aibu ya kusema hapana peke yake. Mpeni jibu moja: "Mimi sina uwezo huo, ila nitamfikishia mratibu leo." Na mratibu awe na mahali pa kuielekeza shida yenyewe: ofisi ya ustawi wa jamii, kamati ya zaka ya msikiti, usajili wa SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali. Mpango usio na njia hiyo utawafanya wandani wawe wanatoa mfukoni kwa siri, kisha wanakwepa ziara wasipokuwa nacho.

Nani aende kwa nani

Mwanamke aende kwa mwanamke, mwanamume kwa mwanamume. Kwa Lamu hapo hapana mjadala. Mwandani asiwe jamaa wa mgonjwa, wala jirani wa ukuta kwa ukuta, maana kinachosemwa chumbani hakitakiwi kuwa na njia ya mkato kwenda barazani. Mjini, mwendo usizidi dakika 20 kwa miguu. Lugha ni muhimu kuliko inavyodhaniwa: mzee wa Kibajuni aliyedhoofika hurudi kwenye lahaja yake ya Kitikuu, na mwenye kumwelewa nusu nusu atamchosha. Angalia pia kazi na mapenzi ya mtu. Nahodha aliyelala kitandani atafurahi na mtu anayejua majina ya matanga.

Kabla ya ziara ya kwanza, muuguzi ajaze kadi ndogo yenye mistari mitano: mgonjwa anajua nini kuhusu ugonjwa wake, nyumbani ugonjwa huo unaitwaje, nani msemaji wa nyumba, saa zipi hapendi mgeni, kitu gani kinamfurahisha. Mistari miwili ya kwanza ndiyo roho ya kadi. Katika nyumba nyingi jamaa wanajua ni saratani, mgonjwa ameambiwa ni "vidonda vya tumbo". Kumwambia si kazi ya mwandani, na kumdanganya pia si kazi yake. Mama akiuliza, "Mwanangu, hebu niambie, mimi nitapona?", jibu lililofanyiwa mazoezi darasani liwe kama hivi: "Mamangu, hilo ni swali zito, na mimi si mtu wa kulijibu. Ungependa nimwambie muuguzi aje mzungumze?" Kisha anyamaze kidogo, aongeze: "Wewe mwenyewe waonaje?" Mara nyingi mgonjwa analijua jibu zamani, alichokosa ni mtu asiyekimbia likitajwa. Mwandani akitoka hapo, ampigie mratibu kabla hajafika kwake.

Ziara zenyewe

Ya kwanza apelekwe na muuguzi au mratibu, dakika 30, si zaidi. Muuguzi amtambulishe, akae dakika kumi, kisha aende kuzungumza na mwuguzaji ukumbini ili wawili hao waonane. Siku ya pili mratibu ampigie simu mgonjwa, si mwandani tu, aulize kama angependa arudi. Akisema hapana, mwandani aambiwe kwa wema na apewe mgonjwa mwingine, usilazimishe. Ziara nne za mwanzo ni majaribio kwa pande zote mbili.

Hodi ipigwe dakani, na mwandani asubiri hapo mpaka ajibiwe, hata kama mlango uko wazi na anasikia sauti ndani. Mgonjwa huenda anatawazwa. Akiingia anawe mikono, aulize, "Leo nimekuja wakati mzuri?" Akae mahali ambapo mgonjwa anamwona bila kugeuza shingo, macho yao sawa sawa, mgonjwa akiwa kitanda cha chini, mkeka ni bora kuliko kiti. Simu izimwe sauti na iwekwe mfukoni, isishikwe mkononi. Mkononi kunafaa kazi ndogo, mfano kusuka ukili au kushona kofia, kwa wanaojua. Mikono ikiwa na shughuli kimya hakimtishi mtu, na mgonjwa aliyekuwa fundi wa kazi hiyo ataanza mwenyewe kukosoa mshono. Wengine watataka bao au dhumna, au kusikiliza redio, au kurekodi salamu za sauti kwa mtoto aliye Muscat. Quran isomwe mgonjwa akiomba, na kwa kiasi anachoomba.

Akichoka, hata kama ni dakika ya kumi na tano, mwandani aondoke. Kabla ya kusimama ataje siku ya kurudi: "Inshallah Jumanne baada ya alasiri." Akiwa na safari Jumanne hiyo, aliseme sasa.

Saa ya mwuguzaji ipangwe kando, na muuguzi aikubali kwanza. Inafaa pale tu ambapo katika saa hiyo mgonjwa hahitaji kugeuzwa wala dawa. Mofini ya maji hutolewa kila baada ya saa nne, hivyo mwandani aje robo saa baada ya dozi, na mwuguzaji awe amerudi kabla ya inayofuata. Waandikiane saa ya kurudi na namba ya kupiga. Mwuguzaji atakayesema anakwenda sokoni huenda akaishia chumba cha pili kulala, na hiyo ni saa iliyotumika vizuri kuliko zote.

Maji, jua na kalenda

Anayepanga ziara za visiwani kwa saa ya ukutani ataaibika. Kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50, kwa hiyo Jumanne saa tisa yakiwa yamejaa, Jumanne ijayo saa hiyo hiyo yatakuwa yamekupwa. Mlango wa bahari wa Mkanda kuelekea Pate haupitiki vizuri maji yakiwa madogo. Baada ya siku 14 maji hurudi karibu na pale pale, na hiyo ndiyo kalenda ya kutumia: anayetegemea boti apangiwe kila wiki mbili, kwa saa ile ile, na wiki ya katikati apige simu siku ile ile. Wakati wa kusi boti zitavunja ahadi zenu hata mkijitahidi, hivyo mgonjwa aelezwe tangu mwanzo kwamba bahari ikichafuka atapata simu badala ya mgeni.

Kwa Siyu, Faza na Kizingitini usipeleke mtu wa mjini kabisa. Fundisha wa huko huko, watatu watatu kwa kijiji, na umsimamie kila mmoja kwa simu ya kila wiki.

Mjini, ziara nzuri ni saa nne hadi saa sita asubuhi, au baina ya alasiri na magharibi. Ijumaa mchana usipange. Mwezi wa Ramadhani akina mama wako jikoni alasiri nzima. Hamishia ziara zao asubuhi, na ulipange hilo kabla mwezi haujaandama. Mgonjwa akitaka kufunga, mwandani asimkataze wala asimhimize, ampelekee habari muuguzi, na familia imuulize shekhe. Wiki ya maulidi vichochoro hujaa na nyumba nyingi zina wageni, basi mwulize kila mgonjwa mapema kama angependa ziara iendelee.

Taarifa na siri

Baada ya kila ziara, mwandani apige simu ya dakika tatu au ajaze mistari minne: tarehe, alikaa muda gani, mgonjwa alikuwaje, kuna la kumwambia muuguzi? Asiandike yaliyozungumzwa. Mgonjwa atambuliwe kwa namba, na orodha ya majina na namba ikae kwenye kabati lenye kufuli ofisini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, lakini hata bila sheria, mji huu ni mdogo. Kundi la WhatsApp la wandani litumike kwa ratiba na mikutano peke yake. "Yule mama wa nyuma ya msikiti leo hakuwa vizuri" tayari ni jina kamili.

Yanayoharibika

Mwandani mpya hushindwa kwa kutoa mno kuliko kwa kutoa haba. Ziara mara moja kwa wiki inakuwa mara nne, anapika, anafua, wiki ya sita amechoka na hapokei simu. Dalili ni ripoti zinazorefuka na neno "nilipita tu mara moja". Mratibu akiona hivyo amwite wazungumze, amrudishe kwenye saa moja bila kumlaumu. Wakati mwingine ni nyumba iliyomgeuza mwandani kuwa kijakazi: akifika anapewa mtoto, au anatumwa dukani. Hapo mratibu aende mwenyewe, akae na msemaji wa nyumba na kueleza upya kazi ya mgeni wao.

Kila mwezi wakutane wote kwa saa moja na nusu, na kila wiki sita hadi nane mratibu akae na mwandani mmoja mmoja. Mkutano ukiwa wa matangazo tu watu wataacha kuja. Nusu yake iwe ya wao kusema ziara ipi iliwalemea.

Mauti yakifika

Lamu mazishi huwa siku ile ile, pengine saa chache tu baada ya roho kutoka. Mwandani asiisikie habari msikitini. Tengeneza mnyororo wa simu: familia kwa muuguzi, muuguzi kwa mratibu, mratibu kwa mwandani, ndani ya saa moja, hata alfajiri. Aende msibani kama mtu mwingine wa mtaa, bila kitambulisho, na asieleze kwa yeyote alivyomjua marehemu.

Mwuguzaji aliyebaki asiachwe siku hiyo. Panga ziara tatu: moja baada ya matanga kuanuliwa, moja karibu na arobaini, moja ya kuaga. Mjane Mwislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi, hivyo mwandani wake awe mwanamke, na ziara ya kuaga isogezwe hadi eda iishe, maana siku anayotoka ndiyo siku nyumba humwonekania tupu. Mwandani naye apumzike angalau wiki nne kabla ya kupewa mgonjwa mwingine. Akitaka zaidi, apewe. Akitaka kuacha, aagwe kwa heshima na mlango ubaki wazi.

Namba za kufuatilia

Tatu zinatosha. Ziara zilizoahidiwa dhidi ya zilizofanyika: zikishuka chini ya tisa kwa kumi, acha kupokea wagonjwa wapya mpaka ujue sababu, na mara nyingi sababu ni nauli. Siku tangu muuguzi alipotaja jina hadi ziara ya kwanza: lengo ni siku 14. Na wagonjwa waliofariki kabla ya ziara ya kwanza. Namba hii ya tatu ikipanda, majina yanawafikia mmechelewa. Rudini kwa muuguzi, mumwombe awataje wagonjwa pale ugonjwa unapojulikana, wakiwa bado wanaweza kukaa kitako na kucheza bao.

Ratiba ya kawaida: miezi miwili ya mazungumzo na kutafuta watu, mmoja wa mafunzo, na wagonjwa wawili wa kwanza mwezi wa nne, kisha mmoja kila wiki. Mwezi wa saba pimeni. Ongezeni mtaa mwingine kama tu kuna fedha ya mratibu ya mwaka mzima mkononi. Fedha zikionekana kuisha, acheni kupokea wagonjwa wapya miezi mitatu kabla, waambieni wandani ukweli, na kila mgonjwa aliyebaki ajue kwa jina ni nani atakayeendelea kumtembelea, hata kama ni mwandani yule yule akija sasa kama jirani.